Walioandikwa Wajukuu wa Kabeta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Masjala pale Tukuyu hakunionyesha kiti. Alinionyesha rafu. Akaniambia nitafute jalada la mfereji wa mpunga wa Ipinda, na nikilipata ndipo tutazungumza habari za kukaa. Nilisimama asubuhi nzima, viatu vipya vikinibana, vumbi limenijaa puani, na nilipolipata jalada lile lilikuwa chini ya birika lake la chai. Alicheka mpaka akatoa leso. Nilikasirika, lakini kufikia jioni nilikuwa nimekwisha kuipenda kazi ile, na sikuiacha mpaka nilipostaafu.

Kwa ninyi mliozaliwa katika enzi ya kompyuta, masjala ni chumba ambamo kila karatasi ya ofisi huingia, hupewa namba na kuwekwa ndani ya jalada lake. Karatasi ikishaingia humo inaitwa folio, na haitoki tena ila kwa ruhusa. Afisa akitaka jambo anaandika dokezo, sisi tunampelekea jalada, naye akimaliza analirudisha. Asiporudisha tunamfuata mpaka nyumbani kwake. Watu walisema ni kazi ya kula vumbi. Mimi niliona ni kazi ya kuzungumza na watu ambao huwezi tena kukutana nao barabarani.

Mkuu wa Masjala alikuwa mkali, na alikuwa na jambo moja alilonikumbusha kila wiki. "Binti, karatasi haijui kitu," alikuwa akisema. "Anayejua ni mtu aliyesimama mbele ya karani. Kabla hujaamini kilichoandikwa, uliza ni nani aliyekuwa anasema." Nilimjibu "ndiyo mzee" mara nyingi bila kufikiri, kama vijana wanavyofanya.

Kutoka Tukuyu nilihamishiwa Kyela. Huko joto ni kali na maji ya mvua huingia ndani bila kubisha hodi, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kupandisha majalada juu ya meza na kuyaanika. Niliolewa hukohuko, mimi Mnyakyusa wa milimani kwa Mnyakyusa wa bondeni. Katibu Tawala wangu alivaa suti hata katika jua lile. Siku moja Mchungaji Kiongozi wa kanisa alimwomba amwazime mtu wa kumbukumbu wa kupanga vitabu vya zamani vya misheni. Katibu Tawala akanitazama akasema, "Nenda, lakini urudi. Usije ukaokoka huko ukatuachia mafuriko peke yetu."

Vitabu hivyo, jamani. Vilikuwa ndani ya kabati la mninga nyuma ya madhabahu: vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, tangu siku za Mjerumani. Vile vya zamani viliandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani wa kale, uliochongoka na kulala upande kama mpunga uliopigwa na upepo. Mchungaji mmoja mstaafu aliyesomeshwa na wamisionari alinifundisha kuusoma, herufi kwa herufi. Siku niliyosoma ukurasa mzima peke yangu nilitoka nje nikazunguka kanisa, maana kukaa nilishindwa. Humo ndani kulikuwa na watu wa Ipinda, wa Itungi na wa Matema, na baba zao na mama zao, na wengi walikuwa wametajwa katika vitabu hivyo tu duniani.

Habari zilienea kwamba kanisani kuna mama anayeweza kukutafutia babu yako. Wakaanza kuja. Wapo waliotaka kujua mashamba ya kakao yalitoka upande gani wa ukoo, na wengine walitaka tu kuliona jina. Mama mmoja niliposoma jina la bibi yake aliweka mkono juu ya ukurasa kama unavyoweka juu ya kichwa cha mtoto. Mtu asiniambie kazi hii ni ya vumbi.

Kisha wakaja Lugano na Gwamaka.

Lugano alikuwa fundi cherehani wa Ipinda, binti wa ukoo wa Mwakabeta. Gwamaka alikuwa seremala kutoka upande wa Itungi. Walikuwa wamechumbiana, posa imepokelewa, ng'ombe wamezungumzwa. Ndipo baba mkubwa wa Lugano, mzee wa kanisa anayependa sana habari za ukoo, alipoamua kuandika mti wa ukoo wa Mwakabeta. Katika kitabu cha ubatizo cha miaka ya mwisho ya Mjerumani alimkuta mtoto Asegelile, baba yake Kajuni, mama yake Sekela, na kwenye safu ya babu mzaa baba pameandikwa Kabeta. Asegelile ndiye babu yake Gwamaka. Kabeta ndiye aliyemzaa babu yake Lugano. Kwa hiyo vijana hawa walikuwa damu moja, na kwetu watu wa damu moja hawaoani. Mzee alisimamisha posa siku hiyohiyo, na Mchungaji Kiongozi akakataa kutangaza ndoa.

"Mama, mwagonile," Lugano alinisalimia, akapiga goti. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. "Wanasema huyu ni ndugu yangu. Baba mkubwa amekwisha kunikataza hata kumtaja. Nimekuja uniambie wewe. Ukisema ni ndugu yangu, nitamwacha."

"Na ninyi mnasemaje?" nilimuuliza Gwamaka. "Kwenu mnamjua baba yake Kajuni?"

"Hatumjui, mama. Ukoo wetu unaishia kwa Kajuni. Babu Asegelile alilelewa na mama yake peke yake, na kila alipomuuliza habari za babu yake, mama alinyamaza. Tulidhani alikuwa mtu mbaya."

Niliwaambia warudi wiki ijayo. Kusema kweli sikuwa na tumaini. Jina lilikuwa limeandikwa wazi, wino haujafifia, na mwandiko ni wa mwalimu karani aliyeletwa na misheni kutoka pwani, mtu nadhifu ambaye sijawahi kumkuta amekosea hata tarehe. Nilifungua kitabu nikisikitika.

Kitabu kile kina safu nyingi: tarehe, jina la mtoto, baba, mama, babu mzaa baba, kijiji. Wamisionari waliongeza babu kwa sababu kina Kajuni walikuwa wengi na walitaka kujua ni yupi. Na mwishoni kabisa, pembeni ambako jicho halifiki, kuna safu ndogo: aliyetoa taarifa. Kwenye mstari wa Asegelile pameandikwa: mama. Baba, mpagazi vitani.

Hapo ndipo Mkuu wa Masjala aliposema nami kutoka Tukuyu, na safari hii nilimsikia. Nani aliyekuwa anasema? Sekela. Na Sekela aliulizwa nini? Aliulizwa jina la baba mkwe wake.

Vijana, inabidi nieleze. Kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hapiti alipo, na jina lake halimtoki mdomoni. Tunaita ukutila. Siku hizi imelegea, lakini haijafa. Mimi mwenyewe, mtumishi wa serikali mwenye mhuri, baba mkwe wangu alikuwa na jalada la shamba pale Kyela, na miaka yote nililiitisha kwa namba. Wenzangu walinitania, wakiniuliza makusudi, "Mama, hili ni la nani vile?" Nami nilijibu, "Soma mwenyewe, hukwenda shule?" Ikiwa mimi sikuweza, katika enzi za redio na umeme, Sekela angewezaje mbele ya karani mgeni, na mtoto mgongoni?

Kama hakumtaja baba mkwe, basi Kabeta ni nani? Nikaanza kupekua. Kila mtoto wa kijiji kile aliyeletwa na baba yake alikuwa na babu wake mwenyewe, majina mbalimbali kama inavyotakiwa. Lakini wale walioletwa na mama peke yake, waume zao wakiwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya askari kuelekea mpakani Songwe, babu yao alikuwa Kabeta. Kabeta, Kabeta, Kabeta, ukurasa baada ya ukurasa. Nilifungua kijiji cha jirani. Huko nako watoto walioletwa na mama walikuwa na babu mmoja, jina jingine, na ni mmoja kwa wote. Nilisimama nikapiga meza. Mhudumu wa kanisa alikuja mbio akidhani nyoka ameingia.

Jibu lilikuwa ndani ya kitabu cha ndoa. Kabeta alikuwa ameandikwa shahidi, na mbele ya jina lake: mkuu wa kijiji. Ulifumu, kama tunavyosema sisi. Wakati ule vijana wa rika moja walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao, hasa ili wake zao wasikutane na baba wakwe, nao walikuwa na mkuu wao kutoka rika lao hilohilo. Kabeta hangeweza kuwa baba yao. Alikuwa mwenzao, aliyechunga nao ng'ombe. Karani wa pwani aliuliza, "Babu wa mtoto ni nani?" Mama akainamisha kichwa. Karani akakazania, maana safu haiwezi kubaki tupu. Mama akasema lile aliloweza kusema bila kuvunja heshima: sisi ni wa kwa Kabeta. Naye akaandika Kabeta.

Nilimpelekea Mchungaji Kiongozi vitabu vyote viwili nikihema. Alisoma polepole, akavua miwani. "Hili ni zito," alisema. "Lakini si mimi wa kuridhika. Mwite mzee."

Baba mkubwa wa Lugano alikuja na mkewe, pamoja na Lugano na Gwamaka. Nilimwonyesha kurasa moja baada ya nyingine. Alisikiliza, mikono juu ya fimbo yake, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, maneno yako ni mazuri. Lakini mwanamke gani aliye mbele ya Mungu, kanisani, mtoto wake anabatizwa, atashindwa kutaja jina?"

Niligeuka kwa mkewe, mama mkubwa, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Mama, naomba unisaidie. Mzee huyu ni mwana wa nani?"

Alifungua mdomo akaufunga. Akavuta kanga mpaka puani. Aliitazama sakafu, akacheka kidogo kwa aibu, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni mtu wa Ipinda huyu. Wa kwa Mwakabeta."

"Namaanisha baba yake, mama."

"Nimesikia, mwanangu." Akaivuta kanga tena.

Mzee alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. "Miaka yote hii?" aliuliza. "Hujawahi kumtaja baba?"

"Wewe ulitaka nimtaje wapi?" mama mkubwa alijibu. "Na ningemtaja ungenifukuza."

Lugano aliangua kicheko, na machozi yalikuwa yakimtoka. Mzee naye alitabasamu, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alisimama akasema, "Sawa. Nakubali inawezekana si Kabeta. Ila inawezekana pia ni yeye. Kila mtu ana baba. Nileteeni jina la baba yake Kajuni. Nikilisikia kutoka kinywa cha mtu aliyeruhusiwa kulitaja, nitawapa binti. Nisipolisikia, sitoi mtoto kwenye giza."

Nilimchukia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaona ana haki. Hivyo ndivyo na mimi ningemfundisha karani mpya: kuonyesha kwamba kitabu kimekosea hakutoshi, inakubidi upate kilicho sahihi.

Nilirudi kwenye mstari wa Asegelile, na safari hii nikachukua kioo cha kukuzia. Juu ya jina la baba palikuwa na alama za penseli, hafifu sana, zilizoongezwa baadaye na mkono mwingine: yuko Ikombe. Basi. Maneno mawili tu, na usiku ule sikufumba jicho kwa furaha.

Ikombe hakuna barabara. Unafika Matema, unapanda mtumbwi, unafuata ukingo chini ya milima ya Livingstone mpaka uone moshi wa tanuri za vyungu. Mzee alikataa kabisa tuende bila yeye. Alikaa katikati ya mtumbwi akishika pande zote mbili, na kila wimbi lilipotugusa alimwomba mpiga kasia asikimbie. Gwamaka alipiga kasia mbele, Lugano alikaa nyuma yangu akiteka maji yaliyoingia kwa kata.

Kitabu cha Ikombe kilikuwa kimebaki hukohuko, chembamba, kimefungwa kwa kitambaa nyumbani kwa mzee wa kanisa wa pale. Tulikaa barazani, wanawake wakifinyanga vyungu karibu nasi. Bibi mmoja mfinyanzi, mikono imejaa udongo mpaka kwenye kiwiko, alisikia tunamtaja Kajuni akainua kichwa.

"Kajuni wa mtumbwi?" aliuliza. "Mama yangu alikuwa akimsimulia. Aliletwa hapa na wenzake akiwa mgonjwa, amechoka mizigo ya Wajerumani. Alipopona akawa anawapelekea kina mama vyungu vyao mpaka Itungi. Mkewe alimfuata hapa na mtoto. Alipokufa, mke akarudi kwao, maana upande wa mume vita vilikuwa vimewatawanya, wengine ng'ambo ya Songwe. Hakukuwa na mtu wa kumpokea."

Nilifungua kitambaa. Kitabu kilikuwa kidogo na nilimpata upesi, miongoni mwa watu wazima waliobatizwa katika miezi ya mwisho ya Mjerumani. Kajuni. Mke, Sekela. Mtoto, Asegelile. Baba yake, Sandube. Na pembeni kabisa, kwenye safu ndogo: aliyetoa taarifa, mwenyewe.

Nilimpa mzee kitabu. Nilitaka alisome yeye. Alikisogeza karibu na macho, akasoma kimya, midomo ikitembea, kisha akasoma kwa sauti, "Kajuni, mwana wa Sandube." Akamgeukia Gwamaka. "Nyie ni watu wa Sandube, mwanangu. Sisi hatuna Sandube. Ndaga fijo, mama," alinishukuru mimi. Halafu akamtazama Lugano na kusema, "Nimekusumbua sana," na Lugano akashindwa kujibu.

Gwamaka alikuwa ameinama. Nilidhani analia kwa ajili ya posa, na bila shaka hiyo ilikuwamo. Lakini alichosema ni hiki: "Basi bibi Sekela hakuwa anaficha mtu mbaya. Alikuwa anamheshimu."

Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu nistaafu. Sekela alibaki peke yake duniani akilijua jina lile. Mumewe alikuwa amekufa, ndugu wametawanyika, na mtoto anauliza. Angelisema mara moja tu, ukoo mzima ungekuwa na pa kuanzia. Hakusema. Zamani ningeita huo ujinga, nami ni mtu ambaye maisha yangu yote yamekuwa kuandika majina ili yasipotee. Leo siwezi kumlaumu. Mkikuta kitabu cha ukoo, vijana wangu, ambacho kina mahali patupu au jina lisilolingana, msiseme karani alikuwa mlevi wala bibi alikuwa mwongo. Ulizeni ni nani aliyesimama pale, na ni kitu gani hakuruhusiwa kukisema. Mara nyingi mtakuta pale mwanamke.

Lugano na Gwamaka walioana, mzee akatoa ng'ombe mmoja zaidi wa karamu kwa hiari yake, na mama mkubwa alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume. Walimwita Sandube.

Niliwatembelea Itungi mwaka nilioacha kazi. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia na alikuwa ameelekea ziwani. Lugano alisimama mlangoni, akapaza sauti, "Taata, rudi huku," na yule mtoto akageuka. Nilimuuliza kwa nini anamwita baba badala ya jina lake, jina ambalo yeye ndiye aliyelilia kuliko sisi sote. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Mama, hilo ni jina la mzee wa kina baba wakwe zangu," alisema. "Nitamtajaje?" Akatoka kumfuata mtoto, na ni Gwamaka, aliyekuwa akiranda ubao uani, aliyeita kwa sauti kubwa, "Sandube."